Fundo la Flashi

Baba Neema,

Sisi huku Majengo ni wazima. Neema mzima, mimi mzima, na hata ile kompyuta uliyoiita marehemu ni nzima. Ndiyo ninayoandikia barua hii. Nikimaliza nitaichapa kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye mlango wa steshenari, pale ulipokuwa unabandika bei za fotokopi. Mama yako hupita hapo akienda sokoni, kwa hiyo najua utasomewa kwenye simu kabla jua halijawa kali. Mambo ya nyumbani huzungumzwa ndani, najua. Lakini yangu wewe uliyasema barazani, ukayasema sokoni. Ukimwaga mboga, mimi namwaga ugali.

Nianze na yaliyokuwa matamu, usije ukasema nimesahau. Unakumbuka vile virusi? Kila mteja na flashi yake, kila flashi na ugonjwa wake, barua za watu zinageuka shotikati zisizofunguka. Siku mwalimu mmoja alipopoteza mitihani ya muhula mzima kwenye mashine yetu, ulikaa sakafuni ukashika kichwa. Mimi ndiye niliyeiondoa Windows kwenye ile kompyuta kuukuu ya mezani nikaiwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta ambao virusi hivyo haviuwezi, nikifuata maelezo neno kwa neno, wewe umenishikia simu. Ilipowaka, ikafungua flashi yenye virusi bila kuugua, ulininyanyua ukanizungusha mpaka tukaangusha rimu ya karatasi. Ukasema, "Mke wangu fundi!" Ulisema mara moja tu, ila nililitunza hilo neno.

Kompyuta ya mezani ikafa kwa uzee, ukajiandaa kwenda Dar kutafuta nyingine. Wiki nzima nilikuimbia wimbo mmoja. Usitazame stika za kung'aa zilizobandikwa juu ya mashine. Linux haina shida na uzee wa mashine, ina shida na vifaa isivyovijua: kadi ya waifai, kadi ya picha, printa. Tafuta laptop iliyotoka ofisini, nyeusi, nene, isiyo na mapambo. Nikakupa na flashi yenye Linux ndani, maana unaweza kuichomeka kwenye mashine ya muuzaji ikawaka nayo bila kufuta chochote chake. Uangalie kama waifai inaonekana, sauti inatoka, na ukiifunga ikalala, ukiifungua inaamka. Robo saa tu. Flashi niliifunga kwenye kipande cha kitenge changu cha kijani, mafundo mawili, isiingie vumbi la treni.

Stesheni, mbele ya mama yako na rafiki zako, ulicheka. "Nyie wanawake bwana! Yaani mimi nitumwe dukani kama mtoto?" Lakini flashi uliitia mfukoni, nikapunga mkono nikiwa na moyo mweupe.

Ulirudi na kitu kinachong'aa, kina taa nyekundu chini ya kibodi, mashine ya watu wa kucheza magemu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho nadhani kilitembea Kariakoo yote kikikutafuta wewe. Nikakuuliza, "Uliipima?" Ukanijibu, "Si inawaka?"

Hilo ndilo neno letu Mpanda. Pikipiki inawaka, jenereta inawaka, basi tumenunua.

Iliwaka kweli. Waifai haikuonekana kabisa, nikawa naunganisha intaneti kwa waya wa simu, simu imefungwa mezani kama mbuzi. Feni ilinguruma kama mashine ya kukoboa. Ukiifunga ikalala, haiamki mpaka uizime kwa nguvu. Na printa uliyokuja nayo draiva yake, ile programu ya kuiendesha, ni ya Windows peke yake. Hayo yote nilikuwa nimekutajia kwa vidole. Wewe ukatoka nje ukamwambia kila aliyeuliza, "Mama Neema ameiua na hiyo Linux yake." Mama yako akalibeba neno hilo mpaka Kakese. Watu wakaniletea simu nichaji, kompyuta hawakuniletea tena. Ulipoondoka kwenda kutafuta maisha ukaniachia marehemu wako na jina la muua kompyuta, na hilo jina liliniuma kuliko wewe kuondoka.

Sasa nikuambie usilolijua. Siku ya tatu baada ya kurudi kwako nilifua suruali yako ya safari. Mfukoni nikakuta kitenge cha kijani, mafundo mawili. Unajua mimi ni wa mkono wa kushoto, fundo langu huelekea upande usio wa watu. Lilikuwa lile lile, halijaguswa. Flashi ilikwenda Dar ikarudi bila kuona kompyuta hata moja. Nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwa kwetu anaumwa, na mke hamvui mumewe nguo mbele ya mama mkwe. Nikaificha kabatini. Fundo la kitenge likabaki kabatini, la pili likabaki moyoni.

Marehemu nilimfufua mwenyewe. Nilinunua kidude kidogo cha waifai cha kuchomeka ubavuni, baada ya kumuuliza muuzaji jina la chipu yake, nikahakikisha Linux inaijua. Ile kadi kubwa ya picha nikaizima, feni ikatulia. Ya kulala na kuamka ilinichukua miezi, ila siku hizi analala, anaamka. Printa yako imekuwa kigoda cha kuwekea rimu, nachapa kwa ile yetu ya zamani.

Juzi akaja mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa sekondari ya Kakese, anakosoma Neema. Wanataka kompyuta kumi na mbili zilizotumika, na wameamua ziwe za Linux. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mama Neema, si ndo wewe uliyeuaga ile kompyuta?" Nikamgeuzia kioo cha kompyuta hiyo hiyo, inafanya kazi. Akatazama sana, kisha akaniomba nizikague kabla hawajazipokea. Hapo hapo akampigia muuzaji wao, akaweka spika ili nami nisikie. Sauti ikasema, "Mwenyekiti, we usiwe na wasiwasi. Zote zinawaka."

Neema alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe. "Mama, huyo si baba?"

"Ndiye."

"Utazikataa?"

"Zikiwa mbovu."

Sitakuficha, nilifurahi. Furaha mbaya, ya kumfanya mtu aimbe akiosha vyombo. Malipo ni hapa hapa duniani, na yako yamekuja kwa miguu yako mwenyewe.

Kwa hiyo njoo Jumamosi na hizo kompyuta zako. Nitakuwa na flashi mpya, na kila mashine nitaipima robo saa: waifai, sauti, kulala, kuamka. Mashine kumi na mbili, jumla ni muda wa saa tatu. Utakaa kwenye benchi kwa saa zote hizo tatu ukinitazama nikifanya lile ulilokataa kulifanya kwa robo saa. Sitakuonea. Inayofaulu nitasema imefaulu, maana ni za watoto, na mmoja wao ni wako. Ukitaka kuniumbua, leta nzuri zote.

Lakini kabla hatujaanza, wajumbe wa kamati wakiwa wameketi na Neema akiwepo, nitaweka mezani kile kitenge cha kijani. Sijakifungua mpaka leo. Nitakuomba ukifungue wewe. Nenda taratibu, fundo la mkono wa kushoto ni kaidi. Likikushinda, waeleze tu wajumbe ni nani aliyelifunga, na kwa nini hukuwahi kulifungua.

Ni mimi, niliyeua kompyuta,
Mama Neema