Baba Ugrakant, Uliyetuhamishia Bhelwa

Mwaka umekatika, Baba, tangu asubuhi ile ya mvua tulipokukuta kitini umetuaga kimya, gazeti kifuani. Mvua zimerudi. Mto Kosi unapanda, na kila redio ikitaja tuta la kuzuia maji, Mama anaacha kupika na kuuliza, "Wamesema wapi? Upande gani?"

Ulikuwa msoshalisti tangu ujana. Jela uliijua, bunge uliliingia, na hukujenga nyumba ya pili. Kanzu zako za pamba ulizifua mwenyewe. Aliyeinama kukugusa miguu kwa heshima ulimwinua: "Simama, ndugu. Mimi si mungu, ni mbunge tu, tena wa kura za kubahatisha."

Hatusahau mwaka wa mafuriko. Wakubwa waliamua kulikata tuta upande wa Bhelwa, kijiji cha vibarua wasio na ardhi, ili maji yaende huko na mji wetu upone. Ulibisha hadi sauti ikakauka. Ukarudi nyumbani.

"Mama Vibha, funga mzigo. Tunahamia Bhelwa."

"Na watoto?"

"Na watoto."

"Una wazimu wewe! Wakikata je?"

"Hawatathubutu, mke wa mbunge akiwa kule."

"Na wakithubutu?"

Ulimbeba mwanao Manikant, ukatangulia.

Tulikaa pale na wenyeji, tukila mchele wa kupondwa kwa chumvi. Binti yako Vibha alikuona usiku ukitoka tena na tena kuliangalia tuta, ukasingizia joto. Askari walipokuja na wachimbaji, mkubwa wao alimwona Mama kati ya wanawake, akageuza gari.

Tuta halikukatwa. Maji yakaingia mjini, yakafika madirishani kwetu. Hakufa mtu, lakini wenye maduka hawakukusamehe. Katika uchaguzi uliofuata ukabwagwa. "Kura zitarudi," ulisema, "aliyezama harudi." Hazikurudi, Baba, wala hatukukusikia ukijuta.

Sasa tunaogopa. Wanasema tena habari za kukata tuta, na hatujui nani atakwenda kuketi kule. Mama alikulaumu miaka na miaka kwa siku zile. Juzi, akitazama mvua, alisema, "Niliogopa sana. Lakini nilikuwa naogopa pamoja naye."

Unakumbukwa na mkeo Sunaina Devi, wanao Vibha na Manikant, mkweo Ratneshwar, wajukuu zako, na jamaa wote wa Bhelwa.

Maadamu tunapumua, Baba, hutasahaulika.