Mwanga Mdomoni mwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, wifi na watoto. Goti lako linaendeleaje? Nasikia sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, nimefurahi. Mimi mwili hauna neno.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini Mama amesimamishiwa mionzi, nikasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima.

Vidonda vya mionzi vimemjaa mdomoni. Vilianza wiki ya tatu, vidoa vyeupe shavuni. Sasa vimeshuka hadi kooni. Maji anayanywa kwa kijiko, macho kafumba. Daktari amesema hawezi kuendelea kumchoma mionzi mtu asiyemeza. Na ule uvimbe wa kooni, kaka, haungoji mtu apone vidonda.

Ni mimi niliyewabembeleza mumlete hapa hospitalini kwetu. Niliwaambia tuna mashine ya mwanga, na kwamba mgonjwa akimulikwa mdomoni kabla ya mionzi, vidonda huzuilika au hupungua makali. Sikudanganya. Miaka minne nimeshika kazi hiyo, na nimeona watu wakimaliza tiba huku wakitafuna vizuri.

Basi kila asubuhi Mama alikuja kwenye chumba changu cha kazi. Nilimvisha miwani ya kukinga macho, akapanua kinywa, nikapitisha mwanga ulimini, mashavuni, nyuma ya midomo. Aliwatania wenzake wa kwenye benchi kwamba alinisomesha ili nije kumhesabu meno. Wiki ya nne utani ukakoma. Jirani yake wa benchi, mama mmoja fundi cherehani, hakuonekana siku mbili. Nilipoulizia wodini nikakuta kitanda chake kimeshatandikwa upya.

Sasa lile linalonikaba. Kabla Mama hajaanza, nilipima nguvu ya mwanga kama tunavyotakiwa kila mwezi. Haikufika hata robo ya inayotakiwa. Kwa macho hujui kitu, wekundu ni uleule. Nilimweleza mkuu wa kitengo. Akasema kipuri kimeagizwa, tukifunga chumba wagonjwa watakata tamaa, kwa hiyo niendelee na ninyamaze. Nikanyamaza. Mama alipofika niliona haya kumwambia kwamba nilichowasifia kimebaki taa tu. Kila siku nilijipa moyo kuwa kipuri kitafika kesho. Wiki tano zimepita.

Jana alinishika mkono, akasema kwa tabu, "Mwanangu, nimulike tena kidogo. Huo wako ndio unaonipoza."

Nikammulika.

Leo nimeandika yote na kumpelekea mganga mkuu, pamoja na orodha ya wagonjwa kumi na tisa niliowamulika kwa mashine hiyo mbovu. Chumba kimefungwa. Mama bado hajui. Barua hii ikikufikia, atakuwa ameshasikia kwa kinywa changu. Ukija, usinitetee kwake. Akikataa nisiingie chumbani mwake, nitakaa nje, uniletee habari zake.

Wabusu watoto. Wifi msalimie, naye umsomee mwenyewe, asisikie kwa watu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba