Gondre ya Nyuma ya Nyumba

Pil-gu mwanangu,

Wali umo kwenye sufuria ya umeme, kimchi kwenye friji. Kula, usiningoje. Nimepanda mlimani kutafuta mboga ya gondre ya kuweka kwenye meza ya kumkumbuka baba yako jioni.

Asubuhi ulifyeka nyasi za kaburi lake, ukafanya vizuri. Sasa nani alikutuma ushuke na mashine mpaka nyuma ya nyumba? Eti, “Mama, nimekuondolea na yale magugu ya miiba.” Magugu. Ile ndiyo gondre. Baba yako aliitoa mlimani mche mmoja mmoja, akaiotesha hapo, magoti yangu yalipoanza kuuma, ili nisipande tena mlimani. Wali wa gondre umeula tangu utotoni, lakini jani lenyewe hulijui. Seoul imekumaliza.

~~Kesho rudi kwako mapema.~~ Kaa mpaka Jumapili.

Pale usichimbue, mizizi ingali hai. Mwagia maji kidogo. Likichipua jani lenye miiba midogo pembeni, liache.

Saa kumi njoo unipokee darajani. Kupanda nitajikongoja. Kushuka ndiko baba yako alikokuwa akinishika mkono.

Mama