Kioo cha Nyuma cha Gari la Baba

Jumapili, 14 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za Mama ambaye amekaa hapa mezani akijifanya hachungulii ninachoandika. Habari za huko? Mgongo uliotusimulia unaendeleaje, na yule mwenzako wa chumbani bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Sisi hatujambo. Nasema hatujambo kama watu wanavyosema mwanzoni mwa barua. Mengine yatafuata kwa mpangilio, kama unavyomjua Karani wako. Shajara yangu iko wazi hapa pembeni nisije nikaruka kitu.

Unakumbuka jinsi gari la Baba lilivyokuwa likiingiza maji kwenye buti. Safari hii mvua zimelimaliza. Mabunda ya vitambaa vya sare yalilowa, na Baba, fundi cherehani wetu ambaye hajawahi kurudishiwa nguo, akaenda kumwomba radhi mwalimu mkuu kwa mashati yenye madoa ya kutu. Tukamwita fundi wa bodi. Alibonyeza bati chini ya kioo cha nyuma, kidole kikazama. Alisema ukingo wote umeliwa na kutu chini ya gundi, naye yuko tayari kukata na kuchomelea, ila kioo tukitoe wenyewe nyumbani. Gari hilo liliacha kutengenezwa zamani, kioo chake hakipatikani popote, na yeye hataki kikipasuka tumle nyama. Kwa hiyo kikitoka kizima, gari limepona. Kikipasuka, tumebaki na banda la kuku lenye magurudumu.

Tuliianza kazi Jumamosi ya tarehe 6 asubuhi. Jirani yetu dereva wa lori alipita akatucheka, akasema hiyo ni kazi ya teke moja tu kutoka ndani. Baba akamjibu kwa upole kwamba teke hilo akalipige redio yake inayotunyima usingizi. Kisha akanifundisha kwa lugha ya kazi yake. Alisema kioo kilichogandishwa kwa gundi ni kama kitambaa kilichoshonewa kwenye kingine: ukikivuta unakichana, lazima ukifumue pole pole.

Basi tukafumua. Tulibandua mpira wa pembeni, tukabandika mkanda wa karatasi kwenye rangi isichubuke. Nikatoboa gundi kwenye kona ya chini kwa sindano ndefu ya kushonea magunia, tukapenyeza waya mwembamba uliosokotwa. Ncha moja nilibaki nayo nje, nyingine akawa nayo Baba kwenye kiti cha nyuma, kila ncha imefungwa kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Yeye anavuta, mimi nalegeza. Mimi navuta, yeye analegeza, kama watu wawili wenye msumeno mmoja. Mama alikuwa akimwagia maji ya sabuni ili waya usipate moto, na kutuamuru tusiuguse ukingo wa kioo. Baba alikuwa na raha ambayo sijaiona siku nyingi. Alisema navuta kama mtu anayemburura mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Nikamwambia mbuzi ni yeye, yuko ndani. Alicheka mpaka gari likatikisika.

Kwenye kona ya juu waya ukagoma. Gundi ya pale ni nene. Baba akavua glavu, akaachana na mpini, akajizungushia waya kidoleni, vile vile anavyojizungushia uzi kila siku kabla ya kuukata. Mazoea tu, nadhani hata yeye hakujiona. Maji yaliyokuwa yakitiririka upande wa ndani yakabadilika rangi, nami nikadhani ni kutu, kwa kuwa maji yote ya siku ile yalikuwa ya kutu. Nikaendelea kuvuta, Kaka. Naye akaendelea kuvuta, huku akinitania. Mama ndiye aliyeangusha ndoo.

Waya ulikuwa umezama kwenye kidole chake cha shahada. Baba hakuguna wala hakukunja uso. Alituangalia mmoja mmoja, akauliza hiyo ni damu ya nani.

Mama alimfunga kwa kitambaa, akataka tuache hapo hapo. Baba akakataa, akasema kioo kinachoning'inia kwa kona moja kitajipasua kwa uzito wake. Mama akaingia kwenye kiti cha nyuma badala yake, akavaa glavu, tukavuta. Gundi ikaachia kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, na dereva wa lori, ambaye alikuwa amerudi kuona tutakavyoshindwa, akanisaidia kukipokea. Kimetoka kizima, hakina hata mkwaruzo. Sasa kimesimama nyuma ya kitanda cha Baba na Mama, kimefunikwa kwa blanketi lako la shule.

Sasa nakuambia niliyokatazwa kukuambia. Jioni ile Baba alikiri kwamba vidole vya mkono wake wa kulia vimekufa ganzi tangu kabla ya mvua. Anashona kwa macho. Sindano ikimchoma, anaijua kwa kuiona. Vifungo na matundu yake vyote ni kazi ya Mama. Ile suruali uliyotuandikia kuisifu, ukasema mkono wa Baba hauzeeki, aliishona Mama. Daktari wa zahanati alimwambia aende hospitali kubwa akapimwe mishipa, akampa karatasi ya rufaa, naye akaikunja akaiweka mfukoni. Alinitaka niape kwamba sitakuandikia, kwa sababu utaacha kazi ukimbilie nyumbani. Niliapa, na leo nimevunja.

Nimevunja kwa sababu fundi wa bodi amemaliza kuchomelea, na Baba anasema kioo atakirudisha yeye na mimi. Kukirudisha si kama kukitoa. Kinabebwa na watu wawili, kinalazwa juu ya gundi mbichi mara moja tu, na anayekishika lazima asikie kinapoanza kuteleza. Baba hatasikia. Hospitali amekataa, lakini ukisimama mbele yake wewe mwenyewe hawezi kukataa, unamjua.

Nimemwambia gundi haijafika dukani. Imefika, nimeilaza chini ya nguo zangu. Mama amesoma mpaka hapa. Amenisogezea bahasha.

Wasalimie wote wanaotuulizia huko, na mwambie mwenzako alalie ubavu. Omba ruhusa, uje. Baba akikuuliza kilichokuleta, sema umekuja kushika upande wa pili wa kioo.

Ni mimi mdogo wako,
Karani