Pale Ng'ombe Hujikuna

Jumapili, 18 Juni 2006

Resian amekufa. Rafiki ya Nasike wangu. Mwalimu Dinah alipiga simu tukitoka kanisani — ni kifua, baridi ya Ngong iliingia ikakataa kutoka. Alikufa Alhamisi. Wameshamzika.

Vitanda vyao vilikuwa vinafuatana huko bweni. Wote walizaliwa na mgongo wazi, wote viti vya magurudumu, kliniki moja. Mama Resian tulijuana kwa foleni ya hiyo kliniki, watoto wakiwa wadogo. Hata sweta nilishona mbili, rangi moja.

Kesho naenda kumtoa Nasike huko shuleni. Baba yake, Wakhungu, anasema nisikimbie, masomo yataharibika. Masomo! Mtoto akiisha, masomo nitamvalisha nani?

Jumatano, 21 Juni 2006

Leo nimeharibu. Naandika ili itoke kwa roho.

Nimeenda Kiserian kutoa pole, na sukari na unga. Sasa, kwetu mtu anaingia kwa matanga akilia kutoka barabarani, ndiyo wajue umeguswa. Nikaanzia kwa geti. Uuuwi, Mama Resian! Resian wetu ametuacha na nani!

Hakuna aliyelia. Bibi mzee wa nyumba akajifunika uso na shuka. Watoto wakaingizwa nyumba. Simel, baba ya msichana, akaja akanishika mkono, hata si kwa hasira. Mama, hapa kwetu mtu akienda jina lake haliitwi tena. Linabaki hivyo.

Nikamuuliza, na mama yake nitamwita nani? Miaka yote hii sijui jina lingine!



Yeye mwenyewe, mama mtu, aliniletea chai. Tukiwa kliniki alikuwa ananisalimia kwa lugha yao, "Takwenya!" na kicheko, mimi najibu "Iko!" vibaya, ananicheka tena. Leo aliweka kikombe akatoka. Kule kwa geti niliita hilo jina mara mbili kwa pumzi moja, moja la mtoto na moja la mama. Chai sikuimaliza.

Jumamosi, 1 Julai 2006

Nasike yuko nyumbani. Kitengela ni upepo na vumbi lakini afadhali upepo ninaouona. Nimemvalisha sweta mbili na boshori kichwani. Jiko liko karibu. Hataki uji.

Anataka msitu tu. Nilidhani ni maneno ya huzuni, kumbe ni mchezo wa shule. Nimeandika vile alinieleza: kuna njia kwa msitu wa serikali huko juu ya Kiserian, imewekwa changarawe na kulazwa mbao kwa mitaro ndio viti vipite. Kila mtoto amechonga muhuri wake kwa soli ya slipa kuukuu. Anauficha ndani ya kopo la mafuta, na daftari kidogo, kando ya hiyo njia. Wengine wanapewa fumbo, wanatafuta. Ukipata kopo unapiga muhuri wa mwenyewe kwa kitabu chako, na wako unapiga kwa daftari lake. Kisha unarudisha, mwingine apate.

Nikasema, sasa hiyo ni mchezo gani, kutafuta makopo kwa baridi? Akasema, Mami, ni vile mtu anajua ulifika.

Makopo yote ameyapata. Limebaki moja tu. La Resian. Fumbo lake linasema: "Pale ng'ombe wa baba hujikuna." Hakuna mtoto ameweza. Na Resian alikataa kusema, alicheka tu mpaka akakohoa.

Alhamisi, 6 Julai 2006

Mwalimu Dinah amekuja. Wanaenda msituni tarehe kumi na tano, mara ya mwisho, kwa sababu baada ya hapo wafugaji wanaruhusiwa kuingiza ng'ombe na njia itakanyagwa. Anataka Nasike aende nao.

Nikasema hapana. Mwezi wa saba! Ukungu unakaa huko mpaka saa sita. Akasema atafunikwa vizuri. Nikamuuliza, yule mwingine hakufunikwa?

Nilijua nimemchoma. Alivua miwani akaipangusa na leso yangu bila kuomba.

Ndiyo akaniambia lingine. Bibi mzee wa Kiserian ametuma neno. Hilo kopo liko na jina, limeandikwa kwa muhuri, na kila mtoto atakayelipata atalipiga, atalisoma kwa sauti. Anataka litolewe lichomwe. Lakini hakuna anayejua liko wapi, Simel ameshindwa na hilo fumbo, ng'ombe wake wanajikuna kila mahali.

Nasike alikuwa nyuma ya pazia na masikio yake. "Wakichoma, sasa yeye alifika wapi?"



Ijumaa, 14 Julai 2006

Wakhungu amesema, wewe Mama Nasike, ukimkataza ataugua ya moyo, ukimpeleka ataugua ya kifua, chagua dawa ya ipi iko rahisi. Anadhani anachekesha.

Nimepasha moto chumvi kwa kitambaa, ya kumwekea kifuani. Sweta tatu. Blanketi. Kesho tunaenda. Mungu nisaidie.

Jumapili, 16 Julai 2006

Nimechoka lakini wacha niandike.

Jana tulifika msituni na gari la shule. Ukungu, miti inadondosha maji kama imetoka kuoga. Na hapo kwa geti la msitu nani amesimama? Yeye. Mama ya — yeye. Amejifunga shuka mbili. Mdomo wangu ulifunguka nikaufunga na mkono. Dinah alikuwa ameninong'onezea, anaitwa Florence. Lakini Florence! Kumwita mama mtu mzima hivyo kavu, kama msichana wa kazi? Nikasema tu "Takwenya." Akasema "Iko." Hakucheka.

Nikasukuma Nasike. Changarawe inalia chini ya gurudumu. Mahali pa mbao yeye alikuja akashika mkono mmoja wa kiti, mimi mwingine, bila maneno. Nasike anaangalia kila mti. Watoto wengine wametuacha, nasikia wakiitana mbele, "Umepata? Wewe danganya!" Nikamwambia turudi, pua imekuwa baridi. Akasema bado.

Ndipo yule mama akasimama. Akasema, Simel hawezi kujua. Simel ni mtu wa kupeleka ng'ombe. Mtoto aliyekaa chini ya mti siku nzima ndiye aliona wanajikuna wapi. Kumbe kabla mtoto aanze shule walikuwa wanamweka hapo kwa ngozi, chini ya mtarakwa mmoja, wakichunga. Pembeni ya njia tu. Gome limeisha, mti unang'aa kama kiti cha zamani, na nywele za ng'ombe zimeshika.

Kopo lilikuwa ndani ya mizizi, limefunikwa na mawe. Nasike alinyoosha mkono, akalifikia mwenyewe. Kwa kiti! Resian aliliweka mahali mkono wa kiti unafika.

Muhuri ni kichwa cha ng'ombe, pembe moja imepinda, na chini herufi za jina. Nasike akaniangalia, akamwangalia yule mama. Wino umeshika mkononi.

Yeye akasema: piga. Nyinyi si watu wetu. Wewe unaweza kukaa nalo. Akageuka akatuonyesha mgongo.

Nasike akapiga. Akapiga na wake kwa daftari. Ndio ulikuwa wa kwanza hapo, hizo kurasa zote zilikuwa nyeupe.

Kisha yule mama akachukua muhuri, akaomba kisu kwa mlinzi wa msitu aliyetufuata. Nilidhani ni wa kuchomwa. Akakata polepole ile sehemu ya chini, herufi zote, kama mtu anayekata kucha za mtoto mchanga. Kile kipande akakifunga kwa pembe ya shuka yake, fundo mbili. Kichwa cha ng'ombe akakirudisha ndani ya kopo, na daftari. Akafunika na mawe.

"Mwenyewe alichonga vizuri," akasema. Hivyo tu. Mwenyewe.

Nikalia, lakini kimya, vile wao wanafanya. Nimejifunza.

Nasike akakohoa. Mara moja. Yule mama akageuka haraka kuliko mimi. Akavua shuka moja, si ile ya fundo, akamzungushia mpaka masikio.

Jumatatu, 17 Julai 2006

Amekohoa tangu alfajiri. Joto liko. Nimempigia Dinah, anatafuta gari ya kutupeleka hospitali. Wakhungu ameenda kuomba ruhusa kazini. Nasike amelala na kitabu chake chini ya shingo, hataki nikitoe. Amesema, Mami, usiite kwa sauti, nimelala tu. Sasa huyo!

Nimekaa hapa naandika nikingoja gari.

Mtu amebisha geti. Ni yeye — Dinah lazima amemwambia. Kutoka Kiserian mpaka hapa, asubuhi hii! Anaita: "Hodi, Mama Nasike! Mama Nasike, fungua!" Kwa nguvu, jina lote, mpaka majirani wanasikia. Anaita tena.

Nimesimama na ufunguo. Natakiwa kumwitikia kwa jina, na lile nililozoea haliitwi tena. Nimefungua mdomo.