Mtu wa Nyundo

Mafiga, Morogoro
Jumanne

Mpendwa Dada Juliana,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Godlisten na mtoto mu wazima huko kwenye mashamba ya miwa, na kwamba kifua cha mtoto kimepoa. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Barua hii nimeianza mara nne. Ningepiga simu, lakini ungeanza kunibembeleza kabla sijamaliza.

Jumapili nilipanda Matombo. Mama hajambo, anavuna maharage. Mjomba Fransisko hashikiki kwa furaha ya ubatizo. Anasema mtoto ataitwa Kristina kama bibi, na atavishwa medali ya bibi kama tulivyovishwa sote wa tumbo lake. Unakumbuka ilivyolika, wazee wakabishana kama ni Bikira Maria au Mtakatifu Yosefu. Ubishi umekwisha. Nilipomkabidhi mwezi uliopita, mjomba aliigeuza juani, akaona mzee wa ndevu ameinua nyundo, na duara nyuma ya kichwa. Akaita majirani waje wamwone Yosefu seremala, kwamba mpwa wake msomi amemsugua kwa majivu hadi uso umerudi. Mama akamwambia na yeye asuguliwe, huenda wa kwake ukarudi. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Tangu siku hiyo wanakuja kuibusu. Bibi Mosi, yule jirani, anasema goti limekuwa jepesi, anashuka kanisani bila fimbo. Padre naye ameahidi kuionyesha kwa waumini wote kabla ya kumvika mtoto.

Dada, yule si Yosefu. Ile ni sarafu. Mgeni wa Kijerumani niliyemsaidia utafiti wa udongo aliniachia zawadi: sarafu ya kumbukumbu ya kiwanda cha kale cha kutengenezea sarafu, huko kwao, kilipotimiza miaka mia tano. Mwenye nyundo ni mfanyakazi wa zamani anayegonga sarafu. Duara ni gurudumu la mashine. Nyuma kuna jina la kiwanda kwa Kijerumani. Mjomba anadhani ni Kilatini cha mapadre.

Medali ya bibi niliipoteza mwezi wa pili. Niliivua mwenyewe bwenini, kwa sababu wenzangu waliuliza kama ule uzi mweusi ni hirizi, nikaona aibu. Nikaitia mfukoni mwa suruali, nikaifua suruali bila kukumbuka. Nilitafuta mpaka kwenye mfereji wa maji machafu. Mjomba alipoitaka, nilikwenda kwa fundi pale Msamvu akanitobolea sarafu, nikaitia uzi mpya. Nimekuwa nikijitetea kwamba sikumwambia mjomba neno lolote, nilinyamaza tu. Lakini ule uzi niliufunga kwa mikono yangu, nikijua ninachofanya.

Medali ilikuwa yako, wewe mkubwa. Mjomba alinipa mimi kwa sababu nimesoma, nawe hukulalamika hata siku moja. Hilo ndilo linaloniamsha.

Mwanao asivikwe woga wangu. Jumamosi mkifika Matombo, kabla ya ubatizo, nitamwambia mjomba mbele ya mama, na Bibi Mosi akiwepo nitamwambia pia. Nitashukuru ukikaa karibu yangu. Ukikaa mbali, nitasema vilevile.

Msalimie sana shemeji, umbusu Kristina kwa niaba yangu. Usijisumbue kujibu, njooni tu salama.

Mdogo wako,
Winfrida