Kidole cha Daktari na Kahawa ya Shangazi

Mume wangu Elia, mjukuu wangu,

Hapa Hasamba tu wazima, ila babu yako anagombana na mbuzi wa jirani.

Unaniuliza kama umkubalie daktari anayesogeza kidole, ukifuate kwa macho huku ukikumbuka ile ajali ya pikipiki. Unasema wataalamu waliicheka tiba hiyo, kisha wakaipima na kuikubali. Mimi sicheki.

Nikiwa msichana, lori tulilopanda kutoka Tunduma lilipinduka. Tangu hapo, honi ikilia nilikuwa natetemeka. Shangazi yangu akaniketisha kwenye lundo la buni za kahawa: nzuri ungo wa kulia, mbovu wa kushoto. “Chambua, huku unanisimulia.” Macho yakawa yanakwenda kulia na kushoto, mdomo unasema. Siku ya kwanza nilizichanganya zote. Hakunigombeza. Alizimwaga pamoja, akauliza, “Enhe, lori lilitokea wapi?”

Kama yaliniponya macho yangu au masikio yake, sijui. Siku moja honi ililia barabarani, nikaendelea kuchambua. Shangazi ndiye aliyelia.

Nenda, mume wangu. Ukichanganya mambo siku ya kwanza, usikimbie. Mimi nilichanganya debe zima.

Bibi yako